Bibi Hakuketi Juu ya Msonge

Bergen, mvua haijakatika

Mdogo wangu Msengi,

"Siku hizi kuchora ni kupoteza muda. Andika maneno mawili, mashine inamaliza kazi." Hayo aliyaandika binamu yetu Kitundu kwenye kundi la familia, nanyi nyote mkampigia makofi. Mimi nasema ni uongo, na nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza, hujambo? Shule inaendeleaje hapo Kinampanda? Mtama umebeba, au jua limeuwahi? Mpe mama shikamoo yangu. Najua tangu kile kiharusi hawezi kuitikia. Mpe hivyo hivyo, kisha usubiri kidogo, kama vile amejibu.

Mimi nipo. Mwili mzima, moyo si sana. Studio yetu ya katuni ilikuwa imejaa wachoraji. Tumebaki mimi na mama mmoja mwenyeji wa hapa, na kazi yetu ni kurekebisha vidole vinavyochorwa na akili mnemba. Asubuhi nafuta kidole cha sita, mchana nafuta kingine. Kwa hiyo Kitundu asinifundishe mashine inajua nini. Mimi ndiye ninayeifuta makamasi.

Nimeitazama filamu mliyoitengeneza wewe na Kitundu kwa mashine. Kisa ni kile alichokusimulia mama ukamrekodi akipepeta: mwaka wa njaa, bibi alianika mbegu ya mtama juu ya paa bapa la tembe, akaketi huko huko kuilinda isiliwe, watoto wake wakilia chini, mama akiwa mmoja wao. Ninyi mkaiandikia mashine "nyumba ya asili ya Kiafrika", kama tunavyosema sote tukiongea na wageni. Ikawapa msonge, paa la nyasi lililochongoka! Bibi yetu kakaa kwenye ncha kama kunguru, mtama unaporomoka, na shingoni kavishwa shanga za kabila lingine. Mkacheka. Umeniambia mwenyewe kwamba mama alipoiona aligeukia ukutani.

Basi sikiliza, maana inaweza kutengenezwa. Anza na sauti, si picha. Sauti ndiyo itakayokuambia kila kipande kichukue muda gani na kikatike wapi. Halafu usiiandikie mashine jina la kitu, iandikie umbo: kuta za miti na udongo, ndefu, paa bapa la udongo ambalo mtu mzima anaweza kulikalia. Na hata hapo usiiamini. Tembe la babu kule Misigiri bado limesimama upande mmoja. Kalipige picha kwa simu, uipe mashine ianzie hapo. Sura ya bibi ichukue kwa mama mdogo, aliyefanana naye, na picha hiyo hiyo uitumie kwenye kila kipande, la sivyo bibi atakuwa mtu mwingine kila anapogeuka. Vipande viwe vifupi, pumzi moja au mbili. Kwenye kila kipande kitembee kitu kimoja: upepo kwenye kaniki, au mkono unaogeuza mtama, si vyote kwa pamoja. Kamera itulie. Watu wenye njaa hawazunguki zunguki. Na mikono, mdogo wangu, izamishe ndani ya nafaka, kwa sababu mimi sitakuwepo kuifuta.

Hayo yote ningeyasema bila hasira. Kilichonichoma ni ile sauti ya msichana mtamu, kama wa tangazo la sabuni, anayesimulia maisha ya mama yetu. Nilimpigia Kitundu ofisini kwake Nduguti.

"Ya mama iko wapi?"

"Ile ina makelele, dada. Kuku, upepo, halafu katikati anaacha Kiswahili anahamia Kinyiramba, halafu ananyamaza kabisa. Mtazamaji wa Dar ataelewa nini?"

"Nani kakwambia mama alikuwa anaongea na mtazamaji wa Dar?"

"Dada bwana! Hiyo baridi imekuharibu. Simu yangu imejaa, hiyo sauti ya zamani naifuta, hii mpya inatosha."

Inatosha! Msengi, simu yako ilipotumbukia kisimani, nakala ilibaki kwake peke yake. Niliisikia mara moja tu, siku ile uliponipigia ukanisikilizisha. Pale mama anaponyamaza ndipo anapofika kwa mdogo wake wa mgongoni, aliyelia chini ya lile paa na hakuiona mvua ikinyesha. Mbegu ilipandwa, ndiyo maana sisi tupo. Yule msichana wa mashine anapita juu ya kifo kile bila hata kuvuta pumzi, anaendelea na sentensi inayofuata. Na mama hatasimulia tena. Hana ulimi wa kusimulia.

Msalimie mkeo, mlezi wa mama kwa sasa, na Mungu amtie nguvu. Msalimie mama mdogo wa Misigiri, umwambie picha yake ina kazi.

Wewe Msengi, ukimaliza kusoma panda basi uende Nduguti, usitume ujumbe. Nawe Kitundu, najua Msengi atakusomea mstari huu ukiwa umeketi kwenye kiti chako: usinijibu neno. Toa simu mfukoni, umpe sauti ya mama yetu sasa hivi, yote, pamoja na kuku, pamoja na pale anaponyamaza.

Dada yenu,
Raheli