Baba Aliadhini Kabla ya Jua Kuzama

Mtaa wa Wafua Shaba,
Kairuani.
21 Ramadhani

Mpendwa mdogo wangu Ridha,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umeshatulia. Wifi yangu Sihem hajambo? Na mwanenu Wael, meno yameota yote? Najua huko Dortmund mnafunga bila kusikia adhana. Mwenyezi Mungu awapokelee.

Sisi huku siwezi kuandika kwamba hatujambo. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu sipati nafasi. Nikikupigia, Baba ananipokonya simu, anakutania kwamba umenenepa, nawe unaniambia, "Dada Naziha, mbona mzee ana akili kuliko mimi?" Hizo ni dakika tatu tu, Ridha. Akishakata ananiuliza yule kijana alikuwa nani.

Nilimpeleka kwa daktari wa ubongo, mama mmoja anaitwa Olfa. Nilidhani ataniuliza Baba anasahau nini, kumbe maswali yake mengi yalikuwa ya usingizi. Je, anakoroma? Pumzi inakatika? Nikamwambia inakatika tangu sisi wadogo. Unakumbuka tulivyokuwa tukihesabu mimi na wewe mpaka pumzi irudi, tukiziba midomo tusicheke? Mama alikuwa akimsukuma kwa kiwiko, naye anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Tangu Mama atutoke hakuna wa kumsukuma.

Daktari hakucheka. Alisema ubongo hujisafisha mtu akiwa kwenye usingizi mzito, kama soko linavyofagiwa watu wakishaondoka, na wa Baba umekatizwa kazi hiyo miaka na miaka. Hakuapa kwamba ndicho kilicholeta ugonjwa. Alisema usingizi mbovu wa muda mrefu huzeesha ubongo na huongeza hatari ya ugonjwa huu wa kusahau, na ugonjwa ukishaingia nao unauharibu usingizi.

Nikamuuliza jambo lililokuwa linanichoma: miaka arobaini na moja ya kuamka kuadhini alfajiri msikitini, ndiyo iliyommaliza? Akasema, "Hapana, mama. Anayelala mapema akaamka mapema hajadhulumu kichwa chake. Mimi naogopa hiyo pumzi." Nililia pale pale kwa shukrani, maana nilikuwa nimeanza kumuuliza Mungu maswali yasiyo na adabu.

Sasa Baba mchana analala, usiku anatembea, nami nyuma yake asije akafungua gesi. Tangu Idi ya kuchinja sijalala saa tatu mfululizo.

Jumanne tulipata aibu. Mawingu yalikuwa mazito, jua halikuonekana kutwa. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nakunja briki, sambusa zetu za yai, za futari, usingizi ukanichukua. Baba akazinduka kwenye usingizi wake wa alasiri, akaona giza, akapanda darini, pale juu tunapoanika nguo, akaadhini magharibi. Sauti ni ileile, haijapoteza hata herufi. Mtaa mzima ukafuturu, na bado dakika arobaini jua lizame.

Jirani yetu Mzee Shedli alikuja mlangoni na kokwa ya tende bado imo mdomoni. "Naziha, mwambie baba yako kesho aadhini saa sita, niwahi chakula cha mchana." Watu wakacheka, wakasema siku moja ya kulipa si kitu. Mkewe, Bi Mongia, ndiye hakucheka. "Tia kufuli mlango wa dari, mwanangu," akasema. "Leo imeharibika saumu, kesho ataanguka."

Nikamsikiliza. Jana alasiri manyunyu yalianza, nikapanda kuanua nguo, nikashuka nazo, nikatia kufuli. Nikasali, nikakaa na tasbihi. Nilisikia mtu anagonga kwa mbali, nikadhani ni kwa jirani. Mpaka Mzee Shedli alipoita kutoka dirishani kwake, "We Naziha, mzee ameloa huku juu."

Ridha, alikuwa amepanda pamoja nami. Nilimwona kwa macho yangu, nikampa vibanio vya nguo anishikie. Kisha nikamfungia nje nikasahau kama nina baba. Ufunguo nikautafuta chumba kwa chumba, hata Mzee Shedli akaja kuvunja kufuli kwa nyundo. Ulikuwa mfukoni mwangu.

Baba alikuwa ameketi kando ya ukuta anatetemeka, vibanio vyote vimo mkononi. Nikamfunika kwa shali yangu. Akaniangalia akasema, "Ahsante, binti. Mungu awarehemu wazazi wako."

Nikaitikia amina.

Si yeye tu ninayemwogopea. Siku hizi napoteza hesabu ya rakaa. Bi Mongia alilala kwetu usiku mmoja kunisaidia, asubuhi akaniambia nami nakoroma, na pumzi inakatika kama ya Baba. Nimempigia daktari. Anataka nilale hospitali usiku mmoja wanipime, kwani mwenye shida hii akiwahi husaidiwa kwa mashine ya kupumulia. Usiku mmoja tu, Ridha, nami sina wa kumwachia Baba. Bi Mongia miguu yake haimudu kumfuata.

Sitaki unitumie chochote. Njoo wewe mwenyewe, wiki mbili, ukeshe naye mimi nilale. Usije kwa kudhani atakukumbuka. Njoo kabla sijamfungia tena mahali nisipopakumbuka.

Nisalimie Sihem, umbusu Wael kipajini, na shangazi Zubeida ukimwona mwambie namwombea. Mungu akufikishe Idi salama, na akupe usingizi usiokatika. Nimeisoma barua hii mara tatu. Kama kuna neno nimelirudia, nisamehe.

Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni kuniandikia siku utakayofika tu.

Dada yako anayekupenda tangu ulipozaliwa,
Naziha