Mama Asije Akawa Bapa

Kaka,

Sisi wazima, na bati linalovuja tumeziba. Ila kile kitazamio cha slaidi, cha kuchungulia kwa macho mawili, ulichotuma ni plastiki tupu. Slaidi za marehemu Mama zinaonekana kwa ukungu. Acha ubahili! Tafuta chenye lenzi za kioo, taa ndani, na gurudumu la kusogeza lenzi zilingane na macho ya Baba.

Jana Baba akichungulia humo alinyoosha mkono hewani kumtafuta Mama, akaambulia patupu. "Zamani alikuwa anasimama hapa hapa," akasema. Nikakimbilia jikoni.

Ijumaa daktari anamtoa jicho la kushoto. Hilo amelikubali. Asilowaza ni kwamba slaidi zile ziko mbilimbili, kila jicho na yake, ndipo Mama aonekane kama amesimama mbele yako. Kwa jicho moja, Mama atabaki bapa kama picha ya kitambulisho. Mimi sina mdomo wa kumwambia.

Kilete mwenyewe, Kaka, kabla ya Ijumaa. Amuage Mama.

Kitindamimba wenu