Baba Alikuwaka Gardien

Jumatatu, 12 Januari

Leo tena nilianza kusafisha na étage ya tatu, ghorofa ya juu. Vioo, vikapu ya karatasi, choo mbili. Vidole vinapasuka juu ya maji ya baridi. Batu ya ofisi balifika, balisema bonjour bila kuniangalia. Basi. Tram ya kurudi kwetu Schaerbeek, hapa Bruxelles, ilikawia.

Mutoto wangu Naomie iko na exposé ya histoire, kazi ya kusoma mbele ya classe. Madame wa shule alisema kila mutoto achague kitu yenye inagusa familia yake. Naomie alichagua kilabu ya mupira ya Ufaransa, kule kambo yake, baba yangu miye, alichezaka kipa.

Ku meza anaongea ile kilabu tu. Asema ilianzishwa na batu ya kiwanda ya nguo. Maillot ya kwanza, jezi, balikata mu vitambaa vyenye vilibakia ku mashini, moja ndefu, moja fupi. Batu ya miji ingine balibacheka, balibaita vitambaa vya kupangusa. Kisha balipanda mpaka divizio ya kwanza. Balichukua kombe, mara moja tu. Kiwanda ikafungwa, nao bakaanguka mpaka chini kabisa, bakabadilisha jina, bakaanza tena kupanda. Bukari yake inapoa ku sahani. Miye ninamusikiliza vile ninasikiliza pasta ku kanisa.

Sikumaliza primaire. Mutoto wangu anajua habari ya mji yenye hajafika. Ninajivuna. Ninaogopa pia, sijue juu ya nini. Njo vile niko.

Jumatano, 14 Januari

Barua imefika! Naomie aliandikia kilabu kwa jina langu, mbele ya Noeli. Kuko muzee mumoja kule mwenye anaandika kitabu ya historia ya kilabu. Yeye njo alijibu. Kurasa mbili.

Kifaransa yake iko ya juu, inanipita. Lakini jina ya baba niliiona. Na karibu na jina niliona: gardien. Nilipiga magoti palepale mu cuisine, kando ya jiko. Baba, banakukumbuka!

Gardien. Neno ileile aliandikaka mu barua yake ya kwanza, nilipokuwa na miaka saba. Jirani mwenye kujua kusoma alitusomea mu parcelle, mu kiwanja ya nyumba yetu, Lubumbashi: "Nimepata kazi ku kilabu ya mupira, niko gardien." Mama alipiga vigelegele. Jioni avenue yote ilijua. Gardien, yule wa goli, kwetu iko muntu mukubwa. Tangu ile siku nilikuwa mutoto wa kipa.

Naomie iko kwa rafiki yake. Sitamungoja. Ninaweka barua mu sac, ninaenda nayo ku répétition ya chorale ya kanisa, Koekelberg, kwenye tunajifunza nyimbo. Bataona.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeona haya. Sina neno ingine.

Jana nilishika barua juu kama bendera. "Muangalie, bazungu benyewe banaandika! Baba alikuwa gardien!" Maman Clarisse, mwenye tunaimba naye sauti moja, alisema: "Enfin tutapumua, maman Naomie! Miaka yote unatuchokesha na huyu kipa yako, leo njo analeta karatasi." Balicheka bote, balipiga mikono. Nilimupa tonton Placide asome kwa nguvu. Alifundishaka Kifaransa ku Likasi.

Alisoma kimya. Niliona macho yake yanarudi nyuma ku mustari moja. Akakunja barua. "Leo sauti yangu haiko muzuri, maman. Tuimbe kwanza."

Nilifikiri ni furaha.

Ku ngazi, wakati wa kutoka, alinivuta kando. "Maman, gardien iko mbili. Kuko wa goli. Na kuko wa mulango. Hapa banaandika gardien du stade."

"Maana yake?"

"Zamu, maman."

Zamu. Kama bale ba kwetu benye kulinda mulango ya tajiri, na kiti yake mbovu na mbwa. Batoto tulikuwa tunabaimbia nyimbo ya kubacheka. Miye nilikuwa na sauti ya nguvu kupita benzangu.

Ijumaa, 16 Januari

Barua iko chini ya mashuka, mu kabati. Naomie aliuliza kama kuko courrier, barua ya kilabu. Nilisema bado. Mudomo ilisema yenyewe.

Jumapili, 18 Januari

Sikuenda kanisa. Nilisema kichwa inauma. Ni uongo ya pili.

Ninawaza siku baba alirudi kwetu. Miaka munane hatukumuona. Vijana ba avenue balimubeba ku mabega tangu kona mpaka ku mulango. Batu balijaa mu parcelle. "Papa, ulizuia mipira ngapi?" Baba aliangalia viatu vyake. Akasema: "Ingine ilipita." Batu balicheka sana, balisema kipa wa kweli hajisifu.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Batoto balimuomba akae mu goli, alisema mugongo inauma. Kila mara mugongo. Alikufa hivyo, na ile neno mu koo. Ni shiye tulimufunga mudomo, na vigelegele yetu.

Na picha yake iko hapa ku salon. Amesimama mu goli, mukono moja ku nguzo. Koti ndefu. Funguo ku mukaba, mingi. Kipa gani anavaa koti na funguo?

Niliona. Tangu zamani niliona, sikutaka kuona. Hapa Bruxelles kila siku ninapita mbele ya bagardien ba kila aina, ba maduka, ba bustani, na hata siku moja sikujiuliza. Hii njo inanichoma kupita yote. Tonton Placide hakunifundisha kitu. Alinivua nguo tu.

Jumanne, 20 Januari

Mambo inaharibika.

Naomie aliingia mu cuisine na telefone mu mukono, macho mekundu. "Maman, balimufuta!"

"Nani alifuta nani?"

"Kilabu! Majina ya bakipa bote iko ku site yao, hata mwenye alicheza mechi moja. Ya kambo haiko. Juu alikuwa Mweusi, maman. Ni hiyo tu, c'est tout."

Alianza kutembea, meza mpaka dirisha, dirisha mpaka meza. Asema exposé imebadilika. Haitakuwa tena historia ya kilabu, itakuwa historia ya muntu mwenye kilabu ilificha. Asema: "Na ule muzee wao wa kitabu, tulimuandikia vizuri, hajibu. Anajua! Njo maana ananyamaza."

Alijibu. Jibu yake iko mu kabati, chini ya mashuka ya bluu.

Nilifungua mudomo. Nikamuuliza kama atakula wali ao bukari.

Alhamisi, 22 Januari

Anaandika. Anafuta. Anaandika. Ananisomea vipande. Ni vizuri sana, njo ubaya yake.

Kesho anasema mbele ya classe. Nitamuambia asubuhi.

Ijumaa, 23 Januari

Asubuhi nilimupigia pasi chemise yake nyeupe. Kola nilirudilia mara mbili. Kila mara nilisema moyoni, nikimaliza hii mukono nitasema. Nilimaliza mikono yote. Nilimaliza mugongo. Alivaa, akanibusu, akaenda.

Alirudi anang'aa. Classe ilisimama. Mutoto moja alilia. Madame alisema hajasikia exposé ya nguvu vile, ataituma ku kilabu, wanafunzi bote bataweka sinyatire, sahihi yao, chini. Jumatatu, quatorze heures, saa munane ya muchana.

"Ule muzee atajua haya iko nini," Naomie alisema.

Nilisema niko nachoka, nikaingia mu chambre. Nilikaa ku kitanda na viatu. Mama gani anafanya vile. Mama gani.

Jumapili, 25 Januari

Maman Clarisse alisimama kanisani wakati ya matangazo. Alisema mutoto wa maman Naomie amepigania jina ya kambo yake mbele ya bazungu. Balinisimamisha. Batu bote balipiga mikono. Nilishika kiti ya mbele, niliangalia chini. Banafikiri ni unyenyekevu.

Tonton Placide hakupiga mikono. Hakuniangalia vibaya pia. Aliangalia kitabu yake ya nyimbo. Afadhali angeniangalia vibaya.

Kisha alinikuta ku mulango. Alisema: "Ile siku sikukumalizia barua, maman. Ukitaka."

Nilikuwa nayo mu sac. Ninatembea nayo tangu Ijumaa, ninaogopa Naomie asifunue mashuka.

Tulikaa nyuma, ku viti ya batoto ba shule ya Jumapili. Alinigeuzia mu Kiswahili, mustari kwa mustari. Muzee wa Ufaransa anasema baba alikaa mu kanyumba karibu na mulango ya stade, miaka munane. Asema kuko baridi moja mbaya, theluji ilifunika uwanja, mechi ilitaka kufutwa. Baba aliondoa theluji na kipao ya kuchotea udongo, siku mbili, yeye peke yake. Mechi ilichezwa. Mbele ya kuanza, bachezaji ba ekipe yote mbili baligeuka ku upande yake, bakamupigia mikono. Muzee alikuwa kijana wakati ile, alikuwa mu stade, aliona na macho yake. Asema mu kitabu yake kuko ukurasa ya batu benye balishika kilabu isianguke. Anataka kuandika jina ya baba pale. Anaomba ruhusa ya familia.

Ruhusa. Anangoja ruhusa yangu. Na kesho quatorze heures atatumiwa matusi.

Jumatatu, 26 Januari

Sikuenda kazi. Mara ya kwanza. Niliita ku telefone, nikasema iko jambo ya nyumbani, na haikuwa uongo.

Niliweka barua ku meza, kando ya mukate yake. Nikasema: "Soma." Mikono nilificha chini ya meza.

Alisoma amesimama. Alisoma mara ya pili amekaa.

"Ilifika lini?"

"Jumatano. Ile ya chorale."

Alihesabu na vidole. "Donc Ijumaa ulijua. Ulinipigia pasi chemise, na ulijua."

"Nilijua."

Hakulalamika kwa nguvu. Afadhali angelalamika. Nilimuambia niliona haya, batu bote banajua kambo kipa, ningesema je sasa ni zamu. Aliniangalia kama njo mara ya kwanza ananiona.

"Zamu iko na haya gani, maman? Weye unafanya kazi gani?"

Miaka yote ninapangusa meza ya batu na sikujionea haya hata siku moja, ni kazi, inatulisha. Haya yote niliimwangia baba.

Alivaa koti. Nilivaa yangu. "Unaenda wapi?" "Ku shule." "Kufanya nini?" "Kusema." Alitembea mbele yangu, hatua kumi, ile njia yote. Sikumukimbilia.

Madame alinisikiliza mu couloir, inje ya classe. Kifaransa yangu ilivunjika vipande lakini alifahamu. Karatasi haitatumwa. Aliuliza kama nitakubali kuambia classe, Alhamisi. Naomie alisimama mbali, anaangalia ukuta.

Jumatano, 28 Januari

Ananisalimia. Anakula. Anasema "merci" kama ku restaurant. Neno "maman" haiko.

Niliitia maman Clarisse ku telefone, nikamuambia yote, asisikie mu njia. Akasema: "Ee, maman Naomie. Na miye nilikusimamisha!" Kisha: "Baba yangu miye alikuwaka boyi wa bazungu. Nilikuambiaka?" Hakuniambiaka.

Alhamisi, 29 Januari

Mvua ndogo siku yote.

Nilivaa pagne ya muzuri. Batoto ishirini na kitu, miguu mirefu chini ya meza ndogo. Naomie alikaa nyuma kabisa. Nilisema maneno yenye nilijifunza mu tram. Baba yangu alikuwa gardien, haikuwa ya goli, ilikuwa ya stade. Kilabu haikumufuta. Muzee alijibu, miye nilificha. Naomie hakujua. Miye nilijua.

Hakuna mwenye alicheka. Nilikuwa tayari bacheke.

Kabinti moja karibu na dirisha aliinua mukono. Aliuliza, kwa adabu: "Madame, alikuwa anafanya nini siku nzima?"

Nilisimama pale. Baba aliishi nasi miaka mingi, tangu alirudi. Nilimupikia, nilimufulia, nilimuosha miguu wakati alikuwa mugonjwa. Tulimuuliza juu ya mipira. Juu ya kazi yake hakuna mwenye alimuulizaka, hata miye. Nilisema: "Sijue."

Kisha kule nyuma Naomie alifungua barua, akaanza kusoma pale pa theluji. Alisoma polepole. Kwa sauti yake ya kweli, haikuwa ile ya exposé.

Mu tram alikaa kando yangu. Ku nyumba alitoa karatasi, akaandika kwa muzee: pardon, asante, na ndiyo, jina iandikwe. Kisha alingoja na bic mu mukono. "Maman, uko na maulizo ya kumuuliza?"

Niko nayo. Anaandika vile ninasema. Baba alikuwa anaamuka saa ngapi. Alikuwa anakula nini, nani alikuwa anamupikia. Kama alikuwa na rafiki. Kama mu ile kanyumba kulikuwa moto ya kutosha. Kama alikuwa anaimba.