Jina Nililolifuta

Jumamosi. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri, na moyo wangu unachemka.

Leo nimefuta maneno yangu mwenyewe hapa kwa blogu. Kama uliyasoma asubuhi, yasahau.

Nilikuwa nimejisifu. Mjukuu wangu, yule mwanasheria niliyemlea hapa Mwala, ametuma makala kwa jarida la sheria la chuo kikuu. Nikaandika jina lake lote, kichwa cha makala, na jina la babake juu. Kwa nini nisiandike? Nilimsomesha na mbuzi zangu.

Chai haijapoa, simu.

"Susu, futa! Futa sasa hivi!"

Mimi ni susu yake, nyanya yake; sifokewi na mjukuu. Nikamwambia ashushe sauti kwanza, halafu aniambie nimeiba nini.

Akanieleza. Makala ikifika, mhariri anaondoa jina, anawapelekea wasomi wawili waipime. Wao hawajui ni ya nani, naye mwandishi hawajui wao. Wakimjua, watampima yeye badala ya maneno yake. Sasa msomi mmoja akitafuta kichwa hicho kwa mtandao, anamkuta nyanya mtu anapiga vigelegele! Makala inaweza kukataliwa.

Nikafuta.

Lakini nilibaki na hasira. Kwetu huingii boma la watu kuomba kitu bila kusema wewe ni wa nani. Huyu anaingia bila ukoo, kama mwizi?

Nikamuuliza hivyo. Akasema, "Susu, hata nikisema mimi ni wa nani, huko nani anatujua?"

Hiyo ilinichoma.

Ni kweli. Mtoto wa profesa angevutiwa kiti, wangu angeachwa mlangoni. Bila majina, wote wanasimama kwa jua moja.

Na jioni hii majibu ya kwanza yamekuja, naye akanipigia tena. Msomi mmoja ameikubali. Mwingine anasema sehemu ya mwisho haina ushahidi wa kutosha, irekebishwe, irudishwe. Mtoto alikuwa ameanza kulialia, ati amekataliwa. Nikamwambia: anayekutuma ufagie tena hajakufukuza nyumbani. Pangusa kamasi, andika.

Ameanza kuandika.

Kesho kanisani jirani yangu Mama Mutua atatuhesabia tena vyeo vya mwanawe. Nitamsikiliza mpaka mwisho, niseme "Mungu ni mwema," halafu nifunge mdomo.

Mimi, kufunga mdomo! Ee Mungu, huyo mtoto aandike haraka.