Kadi Iliyoshonwa Ndani ya Koti

Chumba cha 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
9 Machi

Mpendwa mpwa wangu Mwepesi,

Hujambo? Na dada yangu, mama yako, hajambo? Kidonda chako cha upasuaji kimekauka? Mimi magoti yananigomea kwenye ngazi, ila bado nasoma bila miwani.

Barua yako imeninyima usingizi. Unajisifu kwamba mama yako ameishona kadi ya hospitali, ile inayosema umetolewa bandama, ndani ya bitana ya koti lako, "isipotee, Mjomba, si unatujua!" Nawajua. Tangu tulipokimbia kwetu, karatasi ya maana haikai mfukoni. Nami nilimshonea hivyohivyo mjomba wako mdogo, yule fundi saa, kwa mkono wangu, alipotolewa bandama kwa ugonjwa huohuo wa damu wa ukoo wetu.

Hukuambiwa alivyokufa. Asubuhi alitetemeka, akanitania kwamba saa yake ya kifuani leo inakwenda mbio. Nikampa chai, nikamfunika blanketi, nikaenda kazini. Mchana jirani alimkimbiza hospitali, akiwa hawezi tena kusema. Wakamvua koti, wakalitundika msumarini, wakamtibu kama mwenye mafua makali. Kadi ilikuwa hatua mbili kutoka kitandani. Nilipofika jioni nilikabidhiwa koti.

Mwepesi, nakupigia magoti. Kwa asiye na bandama, homa si ya kulalia, maana mwili wake hauna tena ngao dhidi ya vijidudu. Ikianza tu, meza vile vidonge vya dharura ulivyopewa, na uende hospitali saa hiyohiyo. Usingoje jasho, usingoje kesho. Mbwa akikuparuza hata kidogo, nenda.

Na chanjo! Ya kichomi umechomwa, ya homa ya uti wa mgongo umeiacha kwa sababu mkono uliuma. Mkono, mwanangu? Kaimalize wiki hii.

Ndani ya bahasha mna mkasi mdogo wa fundi saa. Fumua bitana sasa, kabla hujaikunja barua hii. Kadi ivae shingoni, juu ya shati. Wakikucheka, wacha wacheke.

Koti lake bado ninalo. Mshono wangu sijathubutu kuufumua.

Nisalimie mama yako, usimlaumu, na yule bibi jirani yenu mwenye cherehani. Mungu akuweke hai, hilo tu namwomba.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, ninayengoja uniandikie neno moja: nimefumua.