Baba Yako Alimaliza Sala

Mwanangu Kavata,

Huku Mbeya baridi inatulaza na masweta, na jirani yetu Sekela amenifundisha kupika ndizi kwa maziwa. Tumezipenda.

Umeandika turudi Machakos, kwamba misheni hii ya Kimormoni tuliyokuja kuitumikia ni kazi ya vijana. Ni kweli baba yako alipooza upande mmoja, na maneno yanamtoka kwa shida. Jumapili aliombwa afungue ibada kwa sala. Akakwama katikati. Nikainuka nimsaidie.

“Keti, Mama Kavata,” akaniambia, wazi kabisa.

Akaendelea mwenyewe, neno moja moja, mpaka amina. Hakuna aliyemharakisha.

Kwa hiyo haturudi kabla ya muda wetu kwisha. Ukituwaza sana, panda basi uje utuone.

Ni mimi mama yako,
Mwikali