Kimo cha Anayetazama

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umekupa nafuu na studio bado ina wateja. Mimi mzima, kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha.

Najua ukiuona mwandiko wangu utaiweka barua juu ya kabati kwanza. Miaka sita ni mingi. Ulisema nikiondoka na tumbo lile nisikuandikie habari za kilichomo ndani yake. Haya, sikuandikii. Nakuandikia habari za miguu.

Hapa shuleni ninapofagia, mwalimu wa sayansi amehama, akaniachia darubini ndogo. Bomba tupu, urefu wa mkono wangu, halina pa kukaa. Nikilishika kwa mikono, mwezi unarukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Mwenye duka la vitu vilivyotumika ana vichwa viwili vya kufungia bomba, vyote vya kuzungusha kwa mkono. Kimoja kinakwenda juu na chini, kushoto na kulia, basi. Kingine kimeinama upande, kina chuma kizito cha kusawazisha na pete zenye namba nyingi. Anasema hicho ndicho cha wataalamu. Miguu mitatu anayo ya alumini, na ya mbao ambayo mmoja umepasuka. Ameniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Nichukue kipi?

Wewe umesimamisha kamera miaka thelathini. Sina mwingine wa kumuuliza, na hata ningekuwa naye ningekuuliza wewe.

Mwanao


19 Februari

Kwako,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ni wangu, niachie mwenyewe.

Nimemuuliza mpima ardhi mmoja anayekuja kwangu kupiga picha za pasipoti. Kichwa cha namba kiache. Kila ukikitoa nje lazima kwanza ukielekeze kwenye ncha ya anga, pale nyota zote zinapopazunguka, na subira yako naijua. Chukua cha juu na chini, kushoto na kulia. Hata mlevi anakielewa.

Miguu usinunue kwa macho. Funga bomba, ligonge kidogo kwa kidole, hesabu. Likitulia kabla ya tatu, chukua. Ukifika tano bado linacheza, hiyo si miguu, ni njiti. Usivute vile vipande vyembamba vya chini, mguu mfupi ndio mguu. Katikati ning'iniza mfuko wa mchanga.

Nijibu hili: anayetazama ana kimo gani? Stendi haipimwi kwa chombo, inapimwa kwa jicho la mtu. Kimo chako nakijua. Ikiwa ni wewe, usijibu.

Fundi picha


2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi na za mgongo usiotaka kuulizwa? Barua yako nimeisoma mara nne, ya tano nikamsomea jirani yangu mshonaji. Akasema, "Huyu baba yako anaandika kama anakata kitambaa, hapotezi hata kipande." Nikafurahi kana kwamba nimesifiwa mimi.

Kichwa nimechukua ulichosema. Miguu ya mbao imepasuka kweli, nimechukua ya alumini. Niligonga palepale dukani nikahesabu kwa sauti. Mwenye duka akaniuliza, "Dada, unapima mapigo ya moyo wake?" Lilitulia nne. Sasa Baba, tatu umesema, tano umesema, nne hukusema ni nini.

Halafu kimo. Ningeweza kukudanganya, lakini stendi ingetoka ya uongo. Anayetazama si mimi. Ana miaka mitano na nusu. Tunamwita Kidole, maana kabla hajajua kusema alikuwa ananyooshea kila kitu kidole: taa, mbuzi, masikio ya watu. Tuko wawili tu, mimi na yeye. Siku moja aliniuliza mwezi umeshikiliwa na nini. Niliishia kidato cha pili, na unajua mwenyewe kwa nini.

Nyumbani hakuna futi. Nimemsimamisha ukutani nikakata uzi kutoka unyayo mpaka jicho. Umo ndani ya bahasha. Alikuwa anacheka, kwa hiyo huenda umezidi kidogo au umepungua.

Ukikasirika tupa uzi, lakini nijibu kuhusu nne.

Mwanao


21 Machi

Kwako,

Marahaba. Mimi mzima, na wewe uwe hivyo.

Nne inarekebishika. Kata kandambili iliyochakaa, weka kipande chini ya kila mguu. Kisha kaza. Kaza kila skrubu ya kichwa mpaka kisiweze kwenda popote. Kazi ya stendi ni kukinyima chombo nafasi. Mimi nimepiga picha za watoto wanaolia na maharusi waliogombana njiani, na hata moja haijatikisika.

Bahasha ilifika.

Fundi picha


30 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa kidevu kimoja, nitakueleza.

Kandambili imefanya kazi. Nikigonga sasa, sifiki hata mbili. Kisha nikakaza kama ulivyosema, mpaka vidole vikauma. Jua lilikuwa limezama tu, mwezi mwembamba uko juu ya paa la jirani. Nikauweka katikati, nikamwita Kidole. Akatazama, kisha akapiga kelele, "Mama, unatoka! Unatoka mlangoni!" Natazama mimi, giza. Nikautafuta tena, nikakaza tena, ukatoka tena. Mara ya tatu akalia. Nikadhani miguu inateleza. Nikaigonga, imetulia kama kaburi.

Ndipo nikaelewa. Miguu haina kosa, mwezi ndio unakwenda. Vitu vya juu si wateja wako, Baba, huwezi kuviambia "tulia, usipepese." Nikalegeza skrubu nusu mzunguko tu. Kichwa kinalishika bomba lisianguke, lakini ukilisukuma kwa kidole linakubali. Sasa analisukuma mwenyewe polepole, anaufuata mwezi, na kuniambia, "Usinisaidie, tunakwenda wote."

Kwa hiyo ulikosea. Najua hapo studio hakuna anayekuambia neno hilo. Kukaza sana ndiko kulikotupotezea. Nasema habari za skrubu tu.

Lakini kuhusu mguu mfupi ulisema kweli. Hii nimeishusha mpaka mwisho na bado ni mirefu kwake. Anapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa. Jana ndoo iliponyoka, kidevu kikachubuka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwezi haukumngoja.

Mwanao


6 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Je, hujambo? Safari hii nauliza kwa dhati, si kwa desturi.

Siku thelathini na saba hujajibu. Mhudumu wa posta akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nikiwa nafagia nasikia pikipiki nje, naacha ufagio. Si wewe, hata siku moja si wewe. Usiku nageuka huku na huku mpaka Kidole ananiambia, "Mama, kaa mahali pamoja."

Ikiwa ni lile neno, nalirudisha. Si kwamba hukukosea. Ila nalirudisha.

Ikiwa ni ule uzi, basi nilifanya haraka. Nilidhani ukiuliza kimo umeuliza habari zake. Nilijipa moyo mwenyewe. Mimi ndivyo nilivyo, nikionyeshwa ufa naona mlango.

Mwanao


28 Mei

Baba,

Shikamoo. Kama unaumwa, mwambie hata mteja aniandikie. Kama umenuna, niandikie neno moja. Andika "kaza," linatosha.

Nimeomba ruhusa kazini. Nisipopata barua mpaka tarehe ishirini ya mwezi ujao nakuja, na Kidole mkononi, ufungue usifungue.

Mwanao


14 Juni

Kwa mwanangu,

Marahaba, zote tatu kwa pamoja. Siumwi. Msipande gari, ningojeni.

Nilikasirika siku kumi. Mtoto niliyemfundisha kushika kalamu ananiandikia kwa kalamu hiyohiyo kwamba nimekosea! Nikampelekea mpima ardhi barua yako anitetee. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Fundi," akasema, "ulitaka mtoto aufunge mwezi kama mbuzi?" Basi. Nilikosea.

Nikarudi studio, nikafungua droo. Uzi ulikuwa humo tangu Machi, sikuwa nimeugusa. Nikaukanyaga ncha moja, nikauvuta juu ya mwili wangu. Ukaishia kwenye mkanda wa suruali. Nikaufungia tena kwenye droo.

Nilifanya hivyo siku nyingi. Nautoa, naukanyaga, naurudisha. Wewe ulikuwa unangoja posta, mimi nilikuwa nangoja nijue nikuambie nini. Na ile habari ya ndoo na kidevu ikawa hainitoki kichwani. Nikachukua stendi yangu kubwa ya mbao, ile unayoijua, nikachukua msumeno. Mbao ya zamani haikatiki upesi. Niliacha vidole vinne juu ya uzi, kwa kuwa uzi ni wa Machi na mtoto hangoji. Wateja waliokuwa wanapigwa picha wamesimama, sasa watakaa.

Nilipomaliza nikafunga kamera juu yake nijaribu. Ikabidi nipige magoti ili jicho langu lifike. Kutoka pale meza yangu ni ukuta. Kiti cha wateja ni kilima. Mteja akaingia, sikuona uso wake, niliona magoti. Akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Miaka yote hii, mwanangu, nilikuwa nimemnunia mtu wa kimo hiki.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, na stendi na msumeno. Wa kumsimamisha ukutani safari hii ni mimi. Avue viatu. Akicheka, acheke, nitapima hivyohivyo.

Babu